Barua kwa Zawadi: umalize deni kwanza au uweke akiba?

Morogoro, Jumanne usiku

Mwanangu Zawadi,

Marahaba. Huku hatujambo, ila mgongo wangu tu, na huo unaufahamu. Naandika kwa mkono kwenye daftari la vipimo vya wateja, mdogo wako atapiga picha akutumie. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana kwenye simu unasema "sawa mama, sawa mama" halafu yanaishia hapohapo.

Uliniuliza hivi: kila mshahara ukiingia unalipa watu mpaka unabaki mtupu, na kabla ya tarehe 15 umeshakopa tena. Je, uache kabisa kuweka akiba mpaka madeni yaishe, au uweke huku unadaiwa? Ukaongeza kwamba mwenzako wa kazini amekucheka, eti kuweka akiba na unadaiwa ni kuchota maji kwa pakacha.

Mwenzako hesabu anaijua. Riba unayotozwa wewe ni kubwa kuliko chochote ambacho benki ingekupa kwa kulaza hela kwao, kwa hiyo kila shilingi ingefaa iende ikaue deni. Kwenye karatasi humpati. Mimi nilifanya kama anavyosema yeye, na nitakueleza yaliyonikuta.

Ulikuwa darasa la sita. Nilichukua 200,000 za ada ya kaka yako kutoka kwa hawa wa marejesho ya kila siku, ambao siku hizi mnawaita kausha damu. Wakakata 10,000 ya fomu, mkononi nikapata 190,000. Marejesho 9,000 kila siku, siku 30. Zidisha mwenyewe: 270,000. Halafu kuna jambo ambalo nilichelewa sana kuliona. Ikifika siku ya 15 umeshawarudishia 135,000, lakini riba unalipa kama vile laki mbili zote bado ziko kwenye pochi yako. Hela yenyewe hukai nayo. Inaanza kurudi kwao kesho yake asubuhi, na riba yake unailipa nzima.

Kijana wao alikuwa anakuja saa kumi jioni. Anakaa kwenye benchi la wateja, daftari gotini, kalamu nyuma ya sikio, hasemi neno. Mteja akiingia anamwona, anajua. Nikaapa nimmalize yule kijana. Kila kilichopatikana kilikwenda kwake, hata hela ya mkaa, hata kile kibubu chenu cha kopo la maziwa nilikitoboa. Jumamosi moja ya Desemba nikalipa la mwisho, akachora mstari juu ya jina langu. Jioni ile nilipika pilau bila sikukuu yoyote, mkaniuliza kuna nini.

Jumatatu mota ya ovaloki, ile cherehani ya kumalizia kingo za nguo, ikaungua. Nilisikia harufu kabla sijaona moshi. Nilikuwa na sare za shule 34 za kumaliza kabla ya Januari, na advansi yake nimeshaila. Mota ilikuwa 45,000. Ndani ya nyumba kulikuwa na 6,000. Saa kumi yule kijana alipita kwenda kwa jirani, nikamwita mwenyewe kwa mdomo wangu. Na wao hawakopeshi 45,000, kima cha chini kilikuwa 100,000. Kwa hiyo kwa shida ya 45,000 nikabeba mzigo wa laki nzima, fomu juu.

Kilichonirudisha pale ni kwamba nililipa mpaka chini kabisa, nikabaki sina hata cha kushika mota moja. Nikaingia tena, nikatoka, nikaingia. Miaka miwili.

Ndiyo maana juzi nilikuomba uniorodheshee mikopo yako ya mwaka huu na ulikopea nini. Nimeisoma na miwani, mara mbili. Elfu 60 ulipougua tumbo. Elfu 90 nauli na rambirambi ulipokuja kumzika babu. Elfu 50 simu ilipovunjika kioo. Elfu 120 gesi, umeme na chakula, mwezi ule mshahara ulipochelewa. Ukiacha ule wa kodi, ambao nitaufikia, hakuna hata mmoja unaofika 150,000, umeona? Basi akiba yako ya kuanzia ni hiyo, 150,000. Hayo mambo ya mishahara ya miezi sita ambayo watu wanawahubiria ni mazuri, yatakuja na wakati wake. Sasa hivi unatafuta hela itakayosimama mlangoni pale ambapo ungesimama mkopo, basi. Ikizidi hapo huku kausha damu bado anakudai, hapo mwenzako wa kazini atakuwa na haki ya kucheka.

Sasa madeni. Usiyapange kwa anayekusumbua zaidi kwa simu. Umeniandikia sita na ukaweka la Bodi ya Mikopo, lile la chuo, juu kabisa kwa sababu ndilo kubwa. Lishushe chini kabisa. Wanakukata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kabla hujauona, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inawaumiza kaka zenu ilifutwa mwaka 2021. Deni hilo halikui. Kila mwezi linapungua lenyewe na wewe umelala. Ulisema unataka ukipata bonasi ukalipunguze. Mwanangu, utakuwa unamwagilia mti uliokwisha kunyeshewa wakati kuna mwingine unakauka.

Wanaong'ata ni watatu: kausha damu uliyobakiza 310,000, na zile programu mbili za kwenye simu, 150,000 na 90,000. Jumla 550,000. Kabla hujalipa hizo za simu nenda kaangalie kama zina leseni. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Ulichokopa utakirudisha, hilo sikufundishi vinginevyo, lakini ukijua unadaiwa na nani unajua pia unaongea naye vipi anapoanza kukuongezea vifaini visivyo na kichwa wala miguu. Na ile tabia yao ya kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako, hata mimi walishanipigia, sikukwambia. Nilimjibu yule binti kwa adabu, nikamuuliza kwao wapi, akakata.

Deni la shangazi yako na la yule rafiki yako wa harusi hayana riba ila yana mdomo. Usiwakwepe. Mpigie shangazi leo, mwambie, "Shangazi, hela yako naanza kuilipa mwezi wa nne kuanzia sasa, 50,000 kila mwezi, miezi mitatu." Kinachomuudhi ni kukuona unaposti nguo mpya huku simu yake hupokei. Akishapewa tarehe anatulia, ni dada wa baba yako, namjua.

Nimekaa na hesabu yako mpaka taa ya mashine ikaniumiza macho. Mkononi unapata 640,000. Chakula na nauli umeandika 260,000, nimeikubali ingawa hiyo chipsi ya jioni naiona. Umeme, maji na vocha 40,000. Kodi 80,000. Mimi unanitumia 50,000. Kwa sasa nitumie 20,000, na usibishane na mimi. Unabaki na 240,000.

Mwezi wa kwanza toa 80,000 uweke akiba, 160,000 ziende kwa kausha damu. Mwezi wa pili na wa tatu weka 35,000, na 205,000 ziende kwenye deni. Kausha damu akiisha, hiyohiyo 205,000 inahamia kwenye programu, usiipe likizo hata mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi wa tatu utakuwa na 150,000 yako na umeshalipa 570,000. Hiyo 20,000 iliyozidi ni ya vifaini, maana havikosi. Likikukuta jambo katikati, ukatoa 60,000 kwenye akiba, usilie wala usiseme mpango umeharibika. Ndiyo kazi yake. Mwezi unaofuata unairudishia kwanza, deni linasubiri kidogo.

Kodi nimeiweka 80,000 kila mwezi ingawa mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mpigo. Hapo ndipo ulipojikwaa Juni. Ile 400,000 ya kausha damu ulikopa kwa ajili ya kodi, ukaniambia ilikuwa dharura. Dharura gani inayokuja kila Juni na kila Desemba? Hii 80,000 iwe na mfuko wake, usiichanganye na ile akiba nyingine, na hata nyumba ikiungua usiiguse. Najua mpaka Desemba haitakuwa imetimia 480,000. Nenda sasa hivi kwa mwenye nyumba, si Desemba, umwombe apokee ya miezi mitatu kwa mara hii tu. Vaa vizuri, mkute asubuhi, na uende na ya mwezi mmoja mkononi.

Mahali pa kuweka. Kwenye laini yako ya simu hapana. Ukishazoea ile huduma ya kukuongezea salio linapopungua, hela ikiingia tu inakatwa kabla hujaiona, na hata isipokatwa iko karibu mno na kidole. Mimi kibubu bado nakipenda, ila wewe unaishi chumba cha kupanga na funguo mnagawana. Fungua akaunti ya benki isiyokuwa hiyo ya mshahara, kadi usichukue. Hela ya kodi ndiyo unaweza kuipeleka Mfuko wa Ukwasi wa UTT, wale wa uwekezaji wa pamoja, inakupa faida kidogo na kuitoa kunachukua siku kadhaa, zinazotosha hamu kupita. Ile 150,000 usiipeleke huko. Mgonjwa wa usiku hasubiri siku kadhaa.

Kikoba najua utaniuliza. Kikoba chetu, hiki kikundi cha kuweka na kukopeshana, kimenilea, sanduku lina kufuli tatu na funguo moja ninayo mimi hapa shingoni, na riba tunayotozana tunagawana wenyewe tukivunja mwisho wa mwaka. Lakini hisa zako humo hazitoki hovyo, kwa hiyo hazihesabiki kama hela ya dharura. Nilifikiria pia nikukopee humo 310,000 tukamfunge kausha damu mara moja, maana riba yetu ni ndogo kabisa ukilinganisha. Nimelala nalo siku tatu, nimekataa. Nilishamkopea mtu wa damu yangu hivyo, nafasi ilipopatikana kwa kausha damu akaenda kukopa tena, akawa na madeni mawili na mimi nikaanza kupishana njia na wanachama wenzangu sokoni. Maliza mwezi wa kwanza kama nilivyoandika, nione. Ukiniletea risiti tutaongea tena, na siahidi.

Jambo dogo la mwisho. Kadi za michango. Umeandika harusi tatu kati ya sasa na Desemba, 100,000 kila moja. Toa 30,000 na uitoe mapema, wiki ileile ulipopewa kadi. Kamati zinamkumbuka anayetoa mapema. Anayeahidi laki na kuitoa nusu siku ya kikao cha mwisho wanamkumbuka vilevile. Hutapata kadi ya kuingilia ukumbini, labda. Utakula wali nyumbani.

Mdogo wako anasema ukurasa wa tatu nimeandika vibaya haisomeki, nitampa auandike upya yeye. Nipigie Jumapili baada ya misa, uwe na karatasi na kalamu, na uwe umeshampigia shangazi yako. Lile gauni lako la kitenge nimelimaliza, nililiachia sentimita mbili kiunoni. Nitampa dereva wa basi la asubuhi Jumamosi, nitakutumia namba ya gari.

Mama yako