Mwanangu, Ijumaa Usiku Usijifungie Chumbani

Mwanangu Neema,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa jikoni, bibi yako anachambua mchicha, akauliza mtoto anasema nini. Nikamwambia anaulizia pombe za Wakorea. Akajibu, "Mwambie ale kwanza." Nitalirudia neno hilo.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, wenzako wa maabara hapo Daejeon wanakualika kila Ijumaa usiku, na wewe hunywi. Ukikataa wanakuona unajitenga, ukienda unajiona umeacha malezi yako. Uende au usiende? La pili ndilo lililoniketisha chini. Unakumbuka ukiwa na miaka saba nilikuwa napiga simu kwa bibi Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na nyuma yangu kulikuwa na kelele na vicheko vya watu. "Mama, ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Seoul, majira ya baridi ya mwaka 2010, nimesimama nje ya mlango wa baa ya kuku wa kukaanga, glovu moja imo mkononi na nyingine nimeing'ata ili nibonyeze namba za kadi ya simu. Wao wako mbele yetu kwa saa sita. Wewe ulikuwa unasubiri chakula cha jioni. Kwangu ilikuwa imetimia saa sita usiku, na kelele ulizozisikia ni watu wa maabara yetu wakigombea nani alipe. Nikishakusikia sauti, nakimbilia treni ya mwisho ya chini ya ardhi.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa bibi atadhani nimepelekwa shule nikaenda kula bata. Sasa wewe ni mtu mzima na uko kulekule, kwa hiyo nakuambia yote.

Muhula wangu wa kwanza sikwenda popote. Unajua pombe ilivyomfanya babu yako, mpaka kihamba, shamba letu la ukoo, kikabaki nusu. Niliondoka Marangu nimeapa. Kila walipoinuka jioni kwenda kula, nilisema nina kazi. Nikirudi bwenini, nakaa kwenye sakafu yao ile inayopashwa moto kwa chini, nakula wali na yai, natazama dirishani misalaba ya taa nyekundu juu ya makanisa, imetapakaa mji mzima. Nilijiita mwenye msimamo. Mwezi wa kumi na mbili nikaja kugundua kwamba toka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi nimetamka neno moja tu, asante, kwa muuzaji wa duka la usiku. Nikaanza kuongea na picha yako ukutani. Siku moja nikaisikia inanijibu. Hapo niliogopa kweli.

Ndiyo maana swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: nenda. Ubaya wa pombe naujua kuliko wewe, lakini kilichotaka kunimaliza mimi Korea ni chumba changu mwenyewe.

Aliyenitoa ni dada mmoja wa maabara aliyenizidi miaka minne. Nilimwita eonni, yaani dada, maana kule kama kwetu mkubwa wako humwiti jina kavu. Usichukie watu wanapokuuliza umezaliwa mwaka gani hata kabla hawajakujua vizuri. Wanatafuta namna ya kukuita na wewe namna ya kuwaita. Eonni alikuja mezani kwangu, akafunga kompyuta yangu, akasema kwa Kiingereza chake cha kuvunjika kwamba leo tunakula, kazi kesho.

Chakula hicho cha pamoja wanakiita hoesik. Tuliketi chini kuizunguka meza yenye jiko la mkaa katikati, na juu yake vipande vinene vya kitimoto, wao wanasema samgyeopsal, vinakatwa kwa mkasi vikiwa bado vinachemka mafuta. Eonni alitandaza jani la saladi kiganjani, akaweka nyama, kipande cha kitunguu saumu na kidogo cha rojo ya soya yenye pilipili, akalifunga likawa kifurushi, akanisogezea mdomoni. Nilikuwa sijalishwa na mtu tangu nikiwa mtoto. Nikafungua mdomo.

Kisha chupa za kijani zikaanza kuzunguka. Soju ni chupa ndogo, mililita 360, lakini kilevi chake ni zaidi ya mara tatu ya bia, na wanaimimina kwenye vikombe vidogo vinavyokudanganya. Mimi nilikuwa naangalia mikono. Mtu hajimiminii mwenyewe. Mdogo anammiminia mkubwa, mkono wa kulia umeshika chupa na wa kushoto umegusa kiwiko. Anayepokea anashika glasi kwa mikono miwili, na akinywa mbele ya mkubwa wake anageuza uso pembeni. Nilipigwa na butwaa, mwanangu, kwa sababu nilikuwa naiona Marangu. Wazee wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kata inaanzia kwa mkubwa, na hakuna mtoto aliyelelewa anayeikabidhi kana kwamba anamtupia mbwa mfupa. Miaka yote nilikumbuka babu alivyorudi nyumbani baada ya mbege. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kulikuwa na heshima mle ndani kabla yeye hajaiharibu.

Profesa alipofika kwangu na chupa, moyo ulinienda mbio. Nikashika glasi kwa mikono miwili, nikasema maneno niliyoyakariri njiani: sul mot masyeoyo, sinywi pombe, nikaongeza kwamba mimi ni mtu wa kanisa. Akasema "Aa" moja ndefu, akaiweka chini, akachukua saida, ambayo kule ni soda nyeupe tu, akanimiminia mpaka juu. Basi. Miezi minne nimejificha, na jambo lenyewe limechukua nusu dakika. Waprotestanti wengi wa kule hawanywi, kwa hiyo hilo wanalielewa upesi. Wewe liseme mapema, mara moja, kwa uso mkunjufu, kisha shika chupa uwamiminie wengine. Watakusamehe kutokunywa, kukaa na mikono mapajani huku glasi ya jirani yako imekauka ndiko watakakokukumbuka nako.

Na lile neno la bibi: wao wenyewe hawanywi bila kula. Lazima pawe na cha kutafuna, wanakiita anju, na hata wakikutana njiani huulizana "umekula?" kama sisi tunavyoulizana habari za nyumbani. Kaa upande wa chakula.

Meza ya kwanza ikiisha wanahamia ya pili, halafu ya tatu, na wanazihesabu: il-cha, i-cha, sam-cha. Ya tatu mara nyingi ni chumba cha kuimbia, noraebang. Mimi nilijiwekea mpaka. Ya kwanza naimaliza, ya pili nakaa hadi saa ya kukupigia simu, ya tatu nakwenda siku ya kumuaga mtu tu. Anayelipa ni mkubwa. Wewe nunua kahawa siku inayofuata. Profesa wetu alitusimulia kwamba ujana wao, hadi Januari 1982, kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku wa manane mpaka saa kumi alfajiri, na aliyechelewa alikamatwa. Alisema kizazi chake kilipofunguliwa usiku hakikutaka kulala tena. Siku zako nasikia mambo yamelegea. Mwaka 2018 ilikuja sheria ya kupunguza saa za kazi za wiki kutoka 68 hadi 52, kisha korona ikafunga meza zote, na vijana hawalazimishwi kama zamani. Akitokea wa kukulazimisha, nyanyuka.

Kuna kitu kitakuumiza usipokielewa. Usiku mmoja eonni alilia begani kwangu kwa ajili ya mama yake, akaniambia mambo ambayo sikuwahi kuambiwa hata na dada zangu wa damu. Jumatatu akanisalimia kwa kuinamisha kichwa kama karani, na hakuligusa tena. Nilimwita mnafiki moyoni kwa wiki mbili. Baadaye nikaona kwamba kila asubuhi anaacha chungwa mezani kwangu. Kilichosemwa usiku kilikuwa salama kwangu, na hakutaka mchana ukiguse. Usilifukue la Ijumaa siku ya Jumatatu. Angalia machungwa.

Tulipokosa treni tulilala jjimjilbang, bafu zao za mvuke zinazokesha. Sikuambiwa kwamba wanawake wote wanaoga pamoja uchi. Nilisimama mlangoni nimejifunga kitaulo ambacho hakifuniki kitu, macho yote kwangu, ngozi yangu ni ya kwanza wengine kuiona. Mama mmoja wa makamo ya bibi yako alinyanyuka majini, akanikalisha kwenye kigoda cha plastiki, akachukua kitambaa kigumu cha kijani akanisugua mgongo toka shingoni hadi kiunoni, bila neno, kama anaosha mjukuu. Alipomaliza akanigeuzia mgongo wake. Nikamsugua.

Sasa mabaya, nayo uyajue. Hongdae, mtaa mmoja wa Seoul, nilizuiwa kwenye mlango wa klabu, wenzangu Wakorea wakaingizwa, mimi nikaambiwa wageni hawaruhusiwi. Eonni aliwarudisha wote nje tukaenda kula tambi dukani. Na usiku mmoja Itaewon, mtaa mwingine wa Seoul, nikiwa nasubiri teksi, mwanamume alinisogelea akaniuliza bei yangu. Alinisikia vizuri niliposema mimi ni mwanafunzi, na akarudia swali. Nilirudi nikajisugua kwa sabuni kana kwamba mimi ndiye mwenye uchafu. Likikupata, mwanangu, aibu ni ya aliyeuliza. Ingia duka la usiku lenye taa, simama karibu na muuzaji, piga 112, ni polisi, na 119 ni gari la wagonjwa. Glasi yako isiachwe mezani ukaenda chooni ukarudi ukainywa, hata ikiwa ni saida.

Umesema mtapanda treni ya kasi kwenda Itaewon mwisho wa Oktoba. Kile kichochoro kando ya hoteli ya Hamilton nimekipita mara nyingi. Ni kilima chembamba, ukinyoosha mikono na mwenzako mnakaribia kugusa kuta zote mbili. Tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye sherehe za Halloween, watu walibanana mle wakasukumwa kushuka, na vifo vikafika 159, wengi wa rika lako, wageni pia wakiwemo. Wewe ulikuwa hapa nyumbani, uliniona nimekaa mbele ya televisheni mpaka asubuhi, ukaniuliza kama kuna mtu namjua. Sikuwa namjua yeyote. Nilikuwa naijua ile ngazi ya pembeni niliyokuwa naikalia kufunga kamba za viatu. Msiende huko usiku wa Halloween. Nendeni siku nyingine yoyote, na popote mtakapoona watu wamesongamana mpaka huwezi kuinua mkono kujikuna uso, geuka mapema uondoke.

Ijumaa hii basi, nenda. Vaa soksi nzima, maana viatu huenda mkavivua. Kariri ile sentensi. Bibi anauliza kama kitimoto chao kina ndizi. Nimemwambia hakina, kasikitika sana.

Na ukitoka nje kupumua, saa sita yako ya usiku, hapa ni saa kumi na mbili jioni na tunasubiri chakula. Piga. Kelele za nyuma yako ziache zisikike.

Mama yako