Jibu: Mhamiaji aliyetajirika bila kuwasahau wafanyakazi

Mkuu, umeuliza kama yupo mhamiaji aliyeanzia chini akatajirika bila kuwasahau wafanyakazi wake. Mtazame Hamdi Ulukaya, Mkurdi wa Uturuki, mtoto wa wafugaji. Alifika Marekani 1994 kusoma Kiingereza. Mwaka 2005 alichukua mkopo akanunua kiwanda cha mtindi kilichofungwa jimboni New York, akawarudisha wafanyakazi wachache wa zamani. Kazi ya kwanza? Kupaka kuta rangi! Mtindi wake, Chobani (kwa Kituruki *çoban* ni mchungaji), uliingia sokoni 2007. Baadaye akaajiri wakimbizi, akawawekea usafiri na wakalimani. 2016 akatangaza kuwapa wafanyakazi hisa. Hapo ndipo namvulia kofia, maana mabosi wengi huishia kugawa fulana tu.