Bibi wa ming'oko alimkataza Edipode

Mhariri, wiki hii umeuliza: kati ya shujaa wa tanzia, yaani michezo ya msiba, za kale na yule wa tamthilia za siku hizi, yupi anatugusa zaidi? Nililisoma swali lako Mnazi Mmoja ya huku Lindi nikisubiri gari, na kabla hatujafika Mtama jibu nilikuwa nalo: wa siku hizi. Tena wa kwetu, Kinjeketile, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Ebrahim Hussein aliyemwandika mwaka 1969 ni mtoto wa kusini hii, na vita ya Maji Maji yenyewe ilianzia huko Umatumbi mwaka 1905, watu walipoanza kung'oa pamba ya Wajerumani. Edipode, mfalme wa Thebe ya Wayunani wa kale, anatuhusu nini sisi? Isitoshe, tanzia tunayoijua huku ni ile ya matangazo ya vifo redioni baada ya taarifa ya habari, na sijawahi kusikia ikitangaza msiba wa mfalme.

Karatasi niliyoandika hayo nimeichana. Kisa ni bibi mmoja aliyekuwa akiuza ming'oko, vile viazi vya porini, langoni mwa shule yetu.

Mwaka ulikuwa 1987, shule ya wavulana, sitaitaja. Tulicheza Mfalme Edipode, tamthilia ya Myunani Sophocles kwa tafsiri ya S. S. Mushi. Jukwaa lilikuwa meza za bwalo zilizofungwa kwa kamba, taa ni karabai mbili, mavazi mashuka ya bweni. Watu wa mtaani waliruhusiwa kuingia, na bibi yule alikaa mbele kabisa, ungo wake mapajani, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia.

Kwa asiyekijua kisa: Thebe ina tauni, na tauni haiondoki mpaka apatikane aliyemuua mfalme wa zamani. Edipode anatangaza mbele ya raia kuwa atamsaka, na anamlaani muuaji huyo, asikaribishwe na mtu wala asisemeshwe. Hajui kuwa muuaji ni yeye, aliyeuawa ni babake, na malkia Jocasta aliyelala naye miaka yote ni mamake.

Mimi nilikuwa mjumbe kutoka Korintho. Nimekuja na habari njema, nikaishia kusema kwamba huyu Edipode nilipewa na mchungaji mwenzangu akiwa kichanga, miguu imetobolewa na kufungwa pamoja. Edipode akauliza: huyo mchungaji yuko wapi? Hapo, bila kuambiwa na mtu, bibi akainuka na ungo wake.

"Mwanangu, usiulize! Iache hivyo hivyo!"

Bwalo zima kimya. Ilisikika karabai tu ikivuma. Nilitegemea watu wacheke, hawakucheka. Edipode wetu, kijana wa kidato cha nne, akamgeukia, na nilimwona wazi kuwa maneno yamemtoka kichwani. Akasema la kwake: "Bibi, nimeshakula yamini." Bibi akakaa.

Aliyekasirika ni Jocasta, kijana wa Newala mwenye khanga mbili na ushungi. Akaninong'oneza, "Bibi kanimalizia maneno yangu!" Na ni kweli. Kwenye kitabu, baada ya hapo ni Jocasta anayemsihi mumewe asiendelee kuuliza, maana yeye ameshaelewa. Bibi ambaye hakupata kusikia jina la Sophocles alimtangulia malkia. Ikabidi Jocasta aseme yale yale upya, na watu wakampigia makofi kana kwamba anamuunga mkono bibi. Edipode alipotoka ameshajitoboa macho, yakimchuruzika maji mekundu ya choya, bibi alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Mwalimu alitugombeza kesho yake, eti tumegeuza tamthilia ngoma.

Mwaka uliofuata tukacheza Kinjeketile, na Kinjeketile nilikuwa mimi. (Sasa unaelewa kura yangu ya mwanzo ilikotoka.) Bibi alikuja, akakaa pale pale. Nilitoka mtoni mkavu, nikagawa maji, nikakamatwa na Wajerumani, nikagoma kusema kuwa maji ni uongo. Bibi hakutoa hata mguno. Kesho yake nikamuuliza, akanifungia ming'oko yangu kwenye gazeti na kusema, "Ulicheza vizuri, mjukuu wangu." Niliumia kwa miaka.

Sasa nafikiri hivi. Edipode hajui, sisi tuliokaa chini tunajua, na ndiyo maana mdomo unawasha. Kinjeketile kwa Hussein ameshaanza kujua; ameona neno lililomtoka limekuwa kubwa kumshinda, na wasiotaka kusikia ni watu wake. Nani atampigia kelele aache? Wenye hiyo sauti ndio hao wanaomdai maji. Ukikaa bwaloni Lindi unajikuta umo kwenye kundi hilo. Huenda bibi alilihisi. Huenda pia alikuwa na usingizi tu, sitaki kumtwisha mzigo usio wake.

Kuna na Willy Loman, mchuuzi katika tamthilia ya Mmarekani Arthur Miller ya mwaka 1949. Miller aliandika mwaka huo huo kwamba mtu wa kawaida anafaa tanzia sawa na mfalme, na sisi ambao jina la kabila letu limegeuka jina la wachuuzi wa nchi nzima hatuna ubishi naye. Loman ni machinga mwenye gari. Anajua mambo yamemwendea kombo ila hataki kujua, na anajiua ili mwanawe apate fedha za bima. Huyo humkatazi kwa kelele. Unamfuata nyumbani jioni, mnakaa, mnazungumza, na bado atakudanganya.

Kwa hiyo kura yangu ya Kinjeketile naiondoa. Niandikie Edipode, lakini kwa penseli. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kiyunani, alimpenda huyo huyo, na sikutegemea nikubaliane naye, maana nilipomsoma chuoni alinichosha. Na ujue nimejibu la nani anatufanya tusimame, hukuuliza hilo. Ungeuliza nani tunarudi naye nyumbani ningekaa kimya kama bibi, maana hata leo nikipita Kilwa usiku ndani ya basi, ninayemkumbuka si wa Thebe.