Piriton, setirizini au loratadini: jibu kwa anayesinzia kazini

Umeuliza mawili: kwa nini Piriton (klorofenamini), dawa ya mzio (aleji), inakulaza mezani saa nne asubuhi, na kama setirizini ni dawa dhaifu kwa vile haileweshi. Usingizi si kipimo cha nguvu ya dawa. Piriton huingia kwenye ubongo kwa urahisi, na huko histamini, kemikali ya mwili ambayo pia huleta chafya na muwasho, ndiyo inayotuweka macho; ukiizuia, unasinzia. Dawa mpya zaidi, ziitwazo za kizazi cha pili, kama setirizini na loratadini, huingia humo kidogo sana, ila kwenye pua na ngozi zinafanya kazi vizuri tu.

Kwa mtu mzima anayepiga chafya na kuwashwa macho, setirizini mg 10 mara moja kwa siku inatosha. Wachache huilalamikia usingizi. Hao waimeze jioni, au wahamie loratadini mg 10, ambayo husinzisha kidogo zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo asianze setirizini kabla ya kuuliza, maana dozi yake hupunguzwa. Feksofenadini, nyingine ya kizazi cha pili, imeze kwa maji. Juisi ya machungwa au ya tufaha hupunguza kiasi kinachofyonzwa, kisha mtu anasema amepewa dawa feki.

Piriton ni mg 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi vidonge sita kwa siku. Wanaoendesha bodaboda au mashine waikwepe, hata ile ya usiku, maana uzito wake unaweza kubaki mpaka asubuhi. Mzee mwenye tezi dume inaweza kumzibia mkojo. Halafu soma pakiti za dawa za mafua: nyingi zina dawa hiyohiyo ndani, kwa hiyo unajikuta umemeza dozi mbili bila kujua.

Kama shida yako kubwa ni pua kuziba, vidonge hivi vyote havitakusaidia sana. Hapo inahitajika dawa ya steroidi (ya kutuliza uvimbe) ya kupuliza puani, kila siku, kwa wiki kadhaa. Shika kichupa kwa mkono wa kulia unapopuliza tundu la kushoto, elekeza ncha upande wa sikio, na usivute kwa nguvu. Ukielekeza kwenye ukuta wa kati, pua inatoka damu na unaacha dawa.

Mtoto wa miaka 2 hadi 5: setirizini mg 2.5 asubuhi na jioni. Sirapu ikiwa ya mg 5 kwa ml 5, hiyo ni ml 2.5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Promethazini, dawa ya mzio ya zamani inayosinzisha, usimpe aliye chini ya miaka 2, hata kama jirani anasema "inamtuliza": inaweza kumzuia kupumua.

Ulimi au koo likivimba, pumzi ikibana, au mtu akizimia baada ya kula kitu au kung'atwa na nyuki, usisubiri kidonge kifanye kazi. Anahitaji sindano ya adrenalini pajani. Mkimbize hospitali.