Clemson na Florida State kuhama ACC, uamini tetesi ipi?

Kaka, umeuliza kama ni kweli vyuo vikuu vya Marekani Clemson na Florida State wanasepa ACC, ligi yao ya michezo ya vyuo, muda si mrefu. Ushauri wangu achana na akaunti za "nimesikia toka ndani", we angalia vitu viwili tu, mkataba wa TV na hela ya kuvunja mkataba. Vyuo hivyo viwili viliishtaki ligi wakaja kuelewana Machi 2025, na kwenye makubaliano yale ada ya kuondoka inashuka kila mwaka mpaka dola milioni 75 kufikia 2030, sasa nani atalipa hela kubwa zaidi leo wakati akivumilia inapungua? Moto utawaka karibu na 2030, na dili la TV la Big Ten, ligi nyingine kubwa ya vyuo, nalo linaisha kipindi hichohicho.

Ila usibishe kila tetesi. Angalia Pac-12, ligi ya vyuo ya tangu 1915 jamani, vyuo vyake USC na UCLA walitangaza 2022 kwamba wanaondoka, dili jipya la TV likasuasua, Agosti 2023 Oregon na Washington nao wakaenda Big Ten na wengine wakatawanyika, wakabaki Oregon State na Washington State peke yao, inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo ukisikia ligi inahangaika kusaini TV, hapo ndo uanze kuogopa.