Shangazi, vipimo vyote safi lakini tumbo haliniachi

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 32, nina mke na mtoto mmoja. Huu ni mwezi wa nane tumbo langu haliko sawa. Linajaa gesi, linanguruma, linachoma hapa juu chini ya mbavu, na asubuhi kabla ya kwenda kazini naingia chooni mara tatu au nne. Nimepimwa damu, choo na ultrasaundi, mwishowe nikaingizwa kamera ya kuangalia ndani ya tumbo. Wakaniambia hakuna kitu, hata wale bakteria wa vidonda vya tumbo hawapo. Nilitoka nimefurahi, ila siku ya tatu nikaanza kujiuliza kama waliangalia vizuri. Nimeshabadilisha hospitali tatu. Nameza omeprazoli kila siku, na maumivu yakizidi naongeza diklofenaki. Nimeacha vyakula vingi, nimepungua kilo tatu. Usiku nikishtuka saa tisa najiminya tumbo kutafuta uvimbe, halafu nafungua simu nasoma dalili za saratani mpaka kunakucha. Mjomba wangu aliyenilea alifariki mwaka jana kwa saratani ya tumbo. Mke wangu zamani alinituliza, siku hizi ananyamaza tu. Daktari wa mwisho alisema ni mawazo. Shangazi, maumivu haya nayasikia, siyabuni. Nina ugonjwa ambao hawajauona, au nimeanza kuchanganyikiwa?

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho. Hujachanganyikiwa, na maumivu hujayabuni. Aliyekuambia ni mawazo kisha akafunga faili alikuacha njiani. Hata kama hofu ndiyo iliyowasha moto, kinachoungua ni tumbo, na tumbo linalouma linauma.

Sisi tukimwona mtu ana hofu, husema yuko tumbo joto. Waliotuachia msemo huo hawakuwa na kamera za hospitali, walisikiliza miili yao. Hata neno ambalo madaktari wa Ulaya walilitumia kwa karne nyingi kumwelezea mtu anayeishi na hofu ya maradhi, haipokondria, lina asili ya Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni sehemu iliyo chini ya gegedu za mbavu. Ni hapohapo unapopaonyesha wewe.

Na si maneno tu. Mwaka 1822 kijana mmoja huko Amerika ya Kaskazini, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Akapona, lakini jeraha likaacha tundu linaloingia moja kwa moja tumboni. Daktari wake wa jeshi la Marekani, William Beaumont, akachungulia kupitia tundu lile kwa miaka kadhaa, na mwaka 1833 akachapisha aliyoyaona. Mojawapo ni kwamba mgonjwa akiingiwa na hofu au hasira, ngozi ya ndani ya tumbo ilibadilika, mara nyekundu na kavu, mara imepauka. Ukiacha lile tundu, tumbo lilikuwa zima. Lakini hofu ilionekana humo kwa macho.

Siku hizi tunajua zaidi kwa nini. Njia ya chakula, tangu kooni hadi mwisho wake, ina mtandao wake wa seli za fahamu zaidi ya milioni 100, na mtandao huo unazungumza na ubongo mchana na usiku. Ukiogopa, ubongo unaamuru mambo mawili kwa wakati mmoja: tumbo la juu lichelewe kusukuma chakula mbele, na utumbo mpana uharakishe kutoa kilichomo. Ndiyo maana huku juu unajaa na kuchoma, na huku chini unakimbilia chooni. Wewe umeyaona kama magonjwa mawili. Na asubuhi utumbo wa kila binadamu huamka na kufanya kazi kwa nguvu, hasa baada ya kula, kwa hiyo wako wenye wasiwasi unaamka kwa fujo. Ile gesi nayo, mtu mwenye hofu humeza hewa nyingi bila kujua, kwa kupumua haraka na kumeza mate kila saa.

Kuna jambo lingine ambalo natamani daktari wako angekueleza. Watafiti waliwahi kuweka puto dogo ndani ya utumbo wa watu wenye matatizo kama yako na wa watu wasio na shida, wakalijaza hewa kidogo kidogo. Kiasi kilekile cha hewa ambacho wengine hawakukijali, wenye shida kiliwauma. Utumbo wao ulikuwa unasikia kwa sauti kubwa zaidi. Hali hii ina jina, kwa Kiingereza irritable bowel syndrome, IBS kwa kifupi, na kamera haiwezi kuiona kwa sababu ukuta wa utumbo ni mzima. Daktari huitambua kwa historia: maumivu angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yanayoambatana na kwenda haja au na choo kubadilika, na dalili ziwe zimeanza miezi sita au zaidi nyuma. Mimi sipimi watu kwa barua. Lakini muulize daktari wako kwa jina hilo, na umuulize pia kuhusu kule kuchoma kwa juu ambako hakuna kidonda, maana nako kuna matibabu yake.

Usidhani nakudharaulia vipimo. Kwa miaka mingi watu wenye vidonda vya tumbo waliambiwa kwamba chanzo ni mawazo na hasira, mpaka mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren kule Australia walipofanikiwa kuotesha maabara bakteria anayeitwa sasa Helicobacter pylori. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu akiumwa apimwe kwanza, na wewe umepimwa. Bakteria huyo ametafutwa hakuonekana, na tumbo lako limeangaliwa kwa macho ya daktari.

Kilo tatu sizipuuzi. Huenda ni vile vyakula ulivyoviacha, na nadhani ni hivyo, lakini mwambie daktari wazi ni vyakula gani umeacha na tangu lini. Pima uzito mara moja kwa mwezi kwenye mzani uleule, isizidi hapo. Na ukiona damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, ukitapika damu au kutapika kusikokoma, chakula kikakwama kooni, homa isiyoeleweka, ngozi na macho kuwa ya manjano, au uzito ukaendelea kushuka huku unakula vizuri, nenda hospitali siku hiyohiyo wala usiniandikie mimi. Hizo ndizo za kukimbilia. Gesi na kunguruma hazimo.

Hiyo diklofenaki iache. Dawa za kundi lake, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huchubua ukuta wa tumbo, na mtu aliyetoka salama kwenye kamera anaweza kujitengenezea kidonda cha kweli kwa kuzimeza kila anapoumwa. Omeprazoli usiiache ghafla peke yako. Ukiikata baada ya miezi mingi, asidi inaweza kurudi kwa nguvu kwa muda, na nakujua, utasema ugonjwa umejitokeza sasa. Panga na daktari namna ya kuipunguza. Na akikuandikia amitriptilini, dawa inayojulikana zaidi kwa kutibu sonona, kwa kipimo kidogo, usione amekuita kichaa. Dawa hiyo kwa kipimo hicho hutumika kutuliza mishipa ya fahamu ya utumbo.

Sasa nataka tukae kwenye ile saa tisa usiku, kwa sababu naiona kama niko chumbani kwenu. Mke amelala, mtoto amelala. Mkono wako uko chini ya shuka, vidole vinatambaa kutoka kitovuni kwenda juu, vinabonyeza, vinarudi palepale, vinabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Umepata kitu kigumu. Moyo unaruka. Mwanangu, hiyo ni misuli yako, na kadiri unavyoogopa ndivyo inavyokakamaa chini ya vidole. Kesho yake mahali hapo panauma, na unahesabu maumivu hayo kama dalili mpya.

Nalijua hili mwilini mwangu. Nilipokuwa kijana kuliko wewe niliingiwa na hofu ya tezi za shingo. Nilizishika kwenye kioo, nikazishika barabarani, nikazishika usingizini. Baada ya wiki mbili shingo ilikuwa imevimba kweli upande mmoja, nikaenda kwa daktari natetemeka. Mama yule mtu mzima aliishika mikono yangu, hakuishika shingo, akaniambia, "Ipe shingo siku kumi bila vidole hivi." Siku ya nne nililia kwa kutamani kujigusa. Siku ya kumi uvimbe haukuwepo.

Ndiyo kazi ninayokupa, na ni ngumu kuliko dawa yoyote uliyomeza. Usijiminye tumbo. Usikague choo zaidi ya kutazama mara moja kama kina damu. Hamu ikija, iambie isubiri nusu saa, na katika nusu saa hiyo vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, tumbo liinuke na kushuka. Hamu itapanda mpaka uone huwezi, halafu itashuka yenyewe. Lazima uione ikishuka angalau mara chache ili mwili wako uamini kwamba inashuka.

Simu nayo ilale chumba kingine. Ukiiandikia "tumbo kujaa", inakuletea gesi na saratani kwenye ukurasa mmoja, na jicho lenye hofu halisomi neno gesi. Simu haijui kwamba umepimwa. Na jiulize swali moja kwa uaminifu: saa tisa usiku, je, ni maumivu yanayokuamsha, au unaamka kisha unaanza kuyatafuta? Jibu lake mpelekee daktari, kwa sababu maumivu yanayomwamsha mtu usingizini ni habari muhimu kwake.

Chagua daktari mmoja katika hao watatu, yule aliyekusikiliza kidogo zaidi, ukae naye. Mwombe akupangie siku za kumwona, tuseme kila baada ya wiki sita, na uende siku hiyo hata kama huumwi. Ukikimbilia hospitali kila unapoogopa unajifunza kwamba hofu ndiyo inayokupa huduma. Unachokitafuta ni uhakika wa asilimia mia moja, na huo hakuna hospitali inayoutoa. Ile furaha ya baada ya kamera ilidumu siku tatu, na kamera ya pili haitakupa zaidi ya hapo. Mwombe pia akuelekeze kwa mwanasaikolojia au mshauri nasaha anayetumia tiba ya kubadili fikra na tabia. Imefanyiwa utafiti kwa hofu ya maradhi na kwa tumbo la aina yako pia, na inasaidia.

Mke wako hajakuchoka wewe, nadhani. Amechoka swali. Kila akikuambia hutakufa, unatulia saa moja kisha unauliza tena, mpaka ameona maneno yake hayana thamani. Kaa naye mchana, si usiku ukiwa umeshikwa na hofu. Mwambie unajaribu kuacha kuuliza, na mkubaliane kwamba ukisahau ukauliza, atakushika mkono bila kujibu. Na kama kuna usiku ambao uchovu huu unageuka kuwa hamu ya kutoishi, hapo mwamshe, na mwende hospitali wote wawili.

Nimebakiza mjomba. Umeniandikia barua nzima kuhusu tumbo, na yeye umempa sentensi moja, tena katikati, kati ya simu na mke. Mtu aliyekulea. Hukuniambia alikuwa akikuitaje, wala kama ulikuwepo alipoanza kupungua. Nina wazo, na unisahihishe nikikosea, kwamba ulimwona akilalamikia gesi na kiungulia, watu wote wakasema ni gesi tu, na wewe ukasema hivyo pia. Kama ndivyo, hofu yako ya kutoonekana kwa ugonjwa haikuanzia tumboni kwako. Mtaje kwa daktari: umri aliougua, na kama wapo wengine wa damu yako waliougua saratani ya tumbo au ya utumbo, ili aamue mwenyewe kama unahitaji kufuatiliwa. Kisha mtaje kwa mtu aliyempenda kama wewe, mkewe au wanawe. Nenda ukae nao jioni moja bila kuzungumzia tumbo lako.

Niandikie baada ya miezi miwili. Niambie mjomba alikuwa mtu wa namna gani.