Fizi kavu, shisha, na mwanafunzi anayevuta

Navuta sigara mwaka wa 12 huu. Fizi zangu hazitoki damu hata nikisugua mswaki kwa nguvu. Mke wangu hajawahi kuvuta, ila kila asubuhi anatema damu. Si ina maana mimi niko salama? (Dereva bodaboda, Mbagala)

Hapana, kaka. Kati yenu wawili, wewe ndiye unayenitia wasiwasi. Ukoga ukikaa kwenye shina la jino, fizi huvimba na kutoka damu. Hiyo ndiyo kengele ya mwili. Kwa mvutaji, nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi huonekana ngumu na kavu huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini. Mfupa unaoshika jino unaliwa bila maumivu. Wengi wa aina yako huja kliniki siku jino linapocheza, na hapo mfupa uliokwisha haurudi wenyewe.

Daktari atapima kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Uwazi kati ya fizi na jino ukiwa 1 hadi 3 ni kawaida. Ukizidi hapo, kuna kazi. Shemeji naye aje asafishwe meno, lakini kwake mambo yakiwa yameishia kwenye fizi, kwa kawaida hurudi sawa. (Na mswaki usiusugue kwa nguvu, unakula fizi.)

Nasomea udaktari wa meno, mwaka wa 3. Madhara ya sigara nayajua ya kutosha kufaulu mtihani. Ila mgonjwa anayenuka sigara akikaa kwenye kiti, nashindwa pa kuanzia. Naogopa kumuudhi.

Hauko peke yako. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani na wenzake walianza kuwahoji wanafunzi wa fani za afya wa mwaka wa 3 katika nchi nyingi, wa meno wakiwemo. Wengi walikubali kwamba wanapaswa kufundishwa namna ya kumsaidia mgonjwa aache tumbaku. Waliokuwa wamefundishwa walikuwa wachache.

Muulize kila mgonjwa, hata asiyenuka, kama unavyouliza sukari na presha. Hapo hakuna atakayejiona amenyooshewa kidole. Halafu mpe kioo. "Mzee, shikamoo. Naomba utazame hapa, fizi imeshuka, mzizi unaonekana." Saratani ya miaka 20 ijayo haimshtui mtu kama anachokiona sasa hivi mdomoni mwake. Muulize kama amewahi kufikiria kuacha. Akisema ndiyo, pangeni tarehe, kisha umpigie simu wiki hiyo. Akisema hapana, mwambie mlango uko wazi, uendelee na kazi. Usihubiri.

Na uliza pia ugoro na kuberi, tumbaku za kuweka mdomoni bila kuwasha. Mtu atakujibu "sivuti" huku ameuweka chini ya mdomo.

Shisha si inachujwa na maji?

Maji huupoza moshi tu. Sumu zinapita, na mkao mmoja unaweza kufika saa nzima.

Nimeng'olewa jino leo. Fegi niwashe lini?

Vumilia siku 3 angalau. Kwenye tundu kuna donge la damu linalofunika mfupa. Ukivuta, mdomo unanyonya na donge linaweza kung'oka, huku moshi ukichelewesha kupona. Mfupa ukibaki wazi, maumivu yake hupanda hadi sikioni, na watu wanasema ni heri ya jino lenyewe. Mrija wa soda nao uache.

Mimi pia ni mwanafunzi wa meno, na navuta. Nina uso gani wa kumwambia mgonjwa aache?

Mwambie hivyo hivyo, mradi usimdanganye akikuuliza. Ndani ya miaka 5 hadi 10 baada ya kuacha, hatari ya ziada ya saratani ya kinywa na koo hushuka kwa nusu, kwako na kwake. Kidonda au doa jeupe lisilopona kwa wiki 2 lichunguzwe, hata likiwa kwenye ulimi wako. Jumatatu kabla wagonjwa hawajaingia, kaa wewe kwenye kiti, mwenzako akupime fizi.